Vakyumu ya kukokota, ya mfuko au ya kikombe?

Dada nimekuelewa, una ngazi, mazulia na mtoto mwenye pumu, sasa hujui uchukue vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya mfuko au ya kikombe. Chukua ya mfuko. Ya kikombe hununui mifuko kweli, lakini siku ya kukimwaga vumbi lote linakurudia usoni, mfuko unautoa umefunga unatupa basi. Filta iwe HEPA, ile inayonasa hata vumbi laini kabisa. Kwa ngazi angalia uzito na urefu wa paipu, yangu ilikuwa fupi, nikipanda tu mashine inaporomoka nyuma yangu, ikapasua gurudumu. Waya wa kujikunja wenyewe ni raha ila shika plagi, unachapa miguu vibaya. Na mtoto asiwepo chumbani ukisafisha, akizidi kukohoa mpeleke kwa daktari.