Maswali yenu ya septiki: linajaa mapema, dawa za kumwaga chooni na simu iliyodondoka

Meseji nyingi zinafanana kwa hiyo nimechagua chache, kama lako halipo soma la kwanza, huenda limo humo humo.

Nimeita gari la kunyonya, wiki tatu tu septiki limejaa tena. Hawakumaliza kazi?

Usiwagombeze watu wa gari. Septiki kujaa maji ndo kawaida yake, linatakiwa likae limejaa muda wote mpaka usawa wa bomba la kutokea, ikiingia lita moja inatoka lita moja kwenda sokpiti (shimo la pembeni linalonyweshea maji ardhini), tope linabaki chini na mafuta yanaelea juu yanafanya ukoko. Sasa fungua mfuniko wa upande wa kutokea uchungulie (kwa mbali, usiinamishe kichwa ndani). Maji yakiwa yanagusa tu mdomo wa bomba uko sawa kabisa. Yakiwa yamelifunika na chooni maji yanashuka kwa kusuasua, basi ugonjwa uko yanakoenda, yaani bomba limeziba au udongo wa sokpiti umeshashiba tope na mafuta haunywi tena, na hapo hata ukinyonya kila mwezi unanunua wiki mbili tatu tu za amani. Watu wanamwaga hela nyingi kwenye tenki zege nondo lipu kila kitu alafu sokpiti wanachimbiwa haraka haraka jioni ya mwisho, wakati kazi ngumu yote inafanywa na udongo.

Ila kabla hujachimba sokpiti jipya angalia tangi la flashi kama linavuja. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye sinki la choo, unapeleka maji shimoni mchana na usiku bila kujua. Na maji ya mvua kutoka kwenye bati kama yameunganishwa humo yatoe leo.

Kujua muda wa kunyonya: chukua mti mrefu, funga taulo kuukuu jeupe sehemu ya chini, zamisha mpaka sakafuni, subiri dakika chache uutoe taratibu. Palipogandwa na weusi ndo kimo cha tope. Tope na ukoko kwa pamoja vikifika theluthi ya kina cha maji ita gari, kwa familia nyingi ni kila miaka 3 hadi 5.

Fundi anasema vyumba viwili ni kupoteza tofali, chumba kimoja kinatosha. Tuko watu 6.

Mwambie ajenge viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili ya ujazo wote. Maji yanatakiwa yatulie humo siku nzima angalau ili uchafu uzame. Watu 6 kwa lita 100 kila mmoja ni lita 600 kwa siku, jumlisha na nafasi ya tope la miaka kadhaa, mimi binafsi nisingeshuka chini ya lita 3,000. Alafu hakikisha anaweka tii (kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T) kwenye bomba la kuingilia na la kutokea, na la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 8 hivi. Tii ya kutokea ndo inayozuia ukoko usikimbilie sokpiti, na ndo hiyo hiyo mafundi wengi wanairuka.

Kisima kiko mita 12 kutoka nilipopanga sokpiti, kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Weka mita 30 na sokpiti liwe upande wa chini wa mteremko. Na ukichimba ukakutana na maji usiendelee kushuka, tandaza mitaro mirefu isiyo na kina badala ya shimo.

Dawa za kumwaga chooni, hamira, wengine wanasema mzoga wa paka. Kipi kinafanya kazi?

Muacheni paka wa watu jamani. Bakteria wanaohitajika mnawaleta wenyewe kila mnapoenda chooni. Mfaransa Mouras aliyepata hataza ya mfumo wa namna hii mwaka 1881 hakuwa na dawa yoyote na uchafu uliyeyushwa vizuri tu. Na hakuna dawa inayomaliza tope lote, zingine zinalivuruga tu linaenda kuziba sokpiti. Jiepushe zaidi na mafuta ya kupikia, pedi, nepi na wipes, hivyo haviozi leo wala kesho.

Bafu la wageni linanuka ila septiki halijajaa.

Halitumiki, maji ya kwenye trapu (kona ya bomba inayoshika maji ili harufu isipande) yamekauka, mwaga ndoo moja. Ikirudi angalia bomba la hewa kama limezibwa na kiota.

Simu imedondokea kwenye septiki, kuna kijana anasema ataingia fasta aitoe.

ASIINGIE. Mle ndani kuna gesi ya salfa ambayo ikiwa nyingi inaua pua kwanza, huisikii tena, mtu anaanguka ndani ya pumzi chache na anayeingia kumuokoa anaanguka juu yake, ndo mana kwenye hizi ajali wanakufa wawili watatu kwa mpigo. Kuacha wazi nusu saa hakutoshi, na kushusha mshumaa ni hatari nyingine mana kuna methani pia. Rudisha mfuniko, mlipe kijana nauli yake, nenda karudishe laini.