Mchujo wa NBA ukiwa Kampala: usimwamkie nyota, fuata mfululizo

Ikifika katikati ya Aprili, mchujo wa NBA, ligi ya basketi ya Marekani, unapoanza, simu yangu haitulii. "Kaka, usiku wa leo niamkie mechi gani?" Wanaouliza ni vijana wa hapa Kansanga, wengi wao wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, pamoja na sisi wachache tuliokulia Arua, ambako Kiswahili ni cha sokoni na stendi. Hawasubiri jibu. Wanataja jina la mtu: leo anacheza Curry, leo anacheza Luka, leo Jokić. Basi jibu langu naliweka hapa, nisiendelee kulirudia kwenye WhatsApp. Usiamke kwa ajili ya mtu. Chagua timu mbili, uzifuate tangu mechi ya kwanza mpaka mojawapo ifungashe virago.

Msidhani nasema hivi kwa kuwa siwapendi nyota. Mwezi wa Mei mimi hulala mapema kama kuku, naamka usiku wa manane, na taa yangu huwaka saa ambazo mtaa mzima umezima. Mama mwenye nyumba alishamwuliza mke wangu kama nimepata kazi ya uaskari wa zamu ya usiku. Mapenzi yapo. Tatizo ni kwamba mchujo ukiutazama kwa kumfuata mtu mmoja, unakosa kile kinachoutofautisha na mechi 82 za msimu wa kawaida.

Msimu wa kawaida timu inacheza leo na huyu, kesho kutwa na yule, katikati ni safari za ndege. Kocha hana muda wa kumchimba mpinzani mmoja. Kwenye mchujo mnakutana ninyi kwa ninyi mpaka mmoja ashinde mara nne, yaani mnaweza kuonana hata mara saba ndani ya wiki mbili. Hapo ndipo makocha hugeuka kama fundi wa pancha pale stendi ya boda: wanaizamisha timu yako kwenye beseni la maji, wanaizungusha taratibu, wanangoja waone povu linatokea wapi. Likishaonekana, watabonyeza pale pale mpaka usiku wa mwisho.

Chukua Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025. Oklahoma City Thunder na Denver Nuggets, mechi ya saba, nusu fainali ya Kanda ya Magharibi. Kwa bahati nzuri ilichezwa mchana kwao, kwa hiyo hapa ilianza saa nne na nusu usiku, hakuna aliyehitaji kengele ya simu. Tuliitazama watu kama tisa kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila mmoja alikuja kumwona Nikola Jokić, jitu la sentimita 211 lenye tuzo tatu za MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Kipindi cha kwanza hakijaisha, minong'ono ikaanza: Jokić kachoka, Jokić leo hataki.

Hakuchoka. Thunder walikuwa wamemwekea Alex Caruso, mlinzi wa sentimita 196 tu. Kwa kawaida mtu mfupi akipewa jitu chini ya kikapu, husimama nyuma yake na kusali. Caruso alisimama mbele. Alijibana kati ya Jokić na mpira, mkono mmoja kiunoni mwa yule bwana, mwingine hewani, akimvuruga hata kabla pasi haijatoka. Anayetaka kumpa Jokić mpira ilibidi aurushe juu, na ukirushwa juu, kule nyuma kuna mrefu wa Thunder anausubiri. Jokić akaishia na pointi 20, Denver wakalala 125 kwa 93. Aliyefuata mfululizo huo toka mwanzo alikuwa ameona kazi ile ikifanywa zaidi na warefu katika mechi zilizotangulia, akaona walivyohangaika nayo, na usiku ule akaelewa kwa nini kocha kaamua kujaribu kituko. Aliyekuja kumwona Jokić peke yake aliona mtu kasimama, mikono juu, anaomba mpira usiofika.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza wa kiufundi ni huu: nyota akiwa hana mpira, usimwondolee macho. Tazama ni nani anayemkaba, anasimama upande gani, na nani anakuja kusaidia mara tu mpira unapomfikia. Kisha mechi inayofuata uangalie kama ni yule yule.

Mfano mwingine ambao sichoki kuueleza ni fainali ya 2016, Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors, mechi ya saba. Kila mtu anakumbuka LeBron James akimkimbilia Andre Iguodala kutoka nyuma na kuubandika mpira ubaoni, matokeo yakiwa 89 kwa 89, zimebaki chini ya dakika mbili. Picha ile iko kwenye kuta za vinyozi nusu ya Kampala. Sawa. Lakini kombe lilikwenda Cleveland kwa kitendo kilichofuata, na wengi wanakitazama bila kukiona. Kyrie Irving ana mpira upande wa kulia. Anayemkaba ni Klay Thompson, mkabaji mzuri. Cleveland wanamwita J.R. Smith aje aweke skrini, yaani asimame kama ukuta kumzuia mkabaji njia. Kwa nini Smith? Kwa sababu Smith anakabwa na Stephen Curry. Skrini inawekwa, Warriors wanabadilishana watu, na sasa Irving yuko uso kwa uso na Curry, ndicho walichokitaka. Anacheza naye kidogo, anarudi nyuma, anatupa. Pointi tatu, zimebaki sekunde 53, na mechi ikaisha 93 kwa 89.

Golden State walikuwa wameshinda mechi 73 msimu ule, rekodi ambayo bado ipo. Waliongoza fainali 3 kwa 1, na kabla ya hapo hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma hivyo kwenye fainali ikachukua ubingwa. Mfululizo mzima Cleveland walikuwa wakimwita Curry kwenye skrini, mara kumi, mara ishirini, wakimchosha. Mtupo wa Irving ulikuwa tunda la kazi ya wiki mbili. Kwenye video fupi za mtandaoni unaonekana kama muujiza wa mtu mmoja. Nazipenda video hizo kama mtu yeyote, ila zinakupa bao na kukunyima sababu.

Sasa kuhusu ubishi. Kama umewahi kukaa kijiwe cha wapenda basketi unajua hauchukui dakika kumi kabla mtu hajasema "Jordan sita kwa sifuri". Ni kweli, Michael Jordan alifika fainali sita akashinda zote, na LeBron kafika kumi akachukua nne. Lakini kuhesabu pete za ubingwa ni uvivu. Bill Russell ana kumi na moja, mbona hamumtaji? Robert Horry ana saba, moja zaidi ya Jordan, na hata mama yake hatasema alimzidi Jordan. Mwaka 1969 Jerry West alishindwa na Boston katika mechi saba, na bado akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mpaka leo ndiye pekee aliyewahi kuipata akiwa upande ulioshindwa. Wale waliopiga kura walitazama mechi zote saba, hawakutazama tu nani kanyanyua kombe.

Mtu mwenye akili akinibishia, huwa namwomba aniambie jambo moja: katika mfululizo fulani, wapinzani walimnyima nini nyota wako, na yeye alijibuje? Kama hana jibu, tuzungumze siasa. LeBron mwenyewe, fainali ya 2011, Dallas walimjazia watu na kukaba kwa kanda, yaani kila mlinzi na eneo lake, mpaka akaanza kuukwepa mpira robo ya nne. Simtetei pale, na ni mshabiki wake. Ila mchezo wake wa mgongo kwa kikapu, ule aliokuja nao baadaye akatwaa ubingwa 2012 na 2013, una uhusiano wa moja kwa moja na aibu ile. Hiyo ni hadithi tamu kuliko hesabu ya pete.

Na kuna Tyrese Haliburton. Huyu ndiye aliyeniumiza. Kabla ya mchujo wa 2025 wachezaji wa NBA walipiga kura ya siri wakamtaja kuwa ndiye anayesifiwa kuliko anavyostahili. Kisha Indiana Pacers wakafika fainali. Mechi ya kwanza huko Oklahoma City, hapa ni Ijumaa alfajiri, Pacers walikuwa nyuma karibu muda wote, na robo ya nne pengo likafika pointi 15. Haliburton akatupa zikiwa zimebaki sekunde 0.3. 111 kwa 110. Ukihesabu, timu iliyoshinda iliongoza kwa thuluthi ya sekunde tu! Wengi wenu mlikuwa mmezima simu mkalala. Mechi ya saba aliingia na mguu ulioumia, akatia mitupo mitatu ya pointi tatu mapema, kisha kano ya kisigino ikakatika, akaanguka akipiga sakafu kwa kiganja. Thunder wakashinda 103 kwa 91, na Shai Gilgeous-Alexander wao akabeba MVP ya msimu na ya fainali. Anastahili. Lakini mimi siku ile sikula chai.

Haya, mambo ya nyumbani. Kipindi cha mchujo Kampala iko mbele ya New York kwa saa saba. Mechi ya saa mbili na nusu usiku kwao, hapa ni saa tisa na nusu usiku. Za kule California huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, makondakta wa teksi wakiwa wameshaanza kuita abiria wa mjini. Hakuna mwenye kibarua atakayeziweza zote, na raundi ya kwanza peke yake ina mifululizo minane. Za Jumamosi na Jumapili mchana ndizo zetu. Kwa mfululizo uliouchagua, kama unaweza kuamka usiku mmoja tu, amkia mechi ya pili. Aliyefungwa ya kwanza lazima abadilishe kitu, na kukigundua mwenyewe kabla mtangazaji hajakisema ni raha isiyoelezeka. Nyingine tazama marudio jioni, ukiwa umezima arifa zote na umemwonya yule rafiki yako asiyeweza kutunza siri. Kila mtu anaye mmoja.

Bando ya usiku kwa kawaida ni nafuu, na picha ikishushwa ubora inatosha kuona skrini, huhitaji kuona jasho. Kama unaishi kwenye mizigo, vyumba vile vya kupanga vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, vaa spika za masikioni na ujifunze kushangilia kwa ngumi. Jirani anayeamka saa kumi kwenda Nakawa sokoni hana habari na Boston.

Mkeka sitausema sana. Mtu akishaweka pesa anaanza kuhesabu jumla ya pointi, na mchezo wenyewe hauoni tena.

Kuna jambo moja vijana hawaliamini mpaka niwapeleke. Jicho likishazoea mfululizo wa NBA, shuka nalo ukumbi wa Lugogo hapa Kampala. Ligi yetu nayo ina mchujo wake na fainali ya mechi nyingi, na City Oilers walitwaa ubingwa wake mwaka baada ya mwaka kuanzia 2013. Si wageni wa kiwango, hata BAL, ligi ya klabu za Afrika, wamecheza. Timu ya taifa, Silverbacks, iliitoa Nigeria kwenye AfroBasket ya 2021 pale Kigali, na aliyekuwa ndani ya jezi ile, Ish Wainright, alikwenda kucheza Phoenix Suns msimu uliofuata. Tofauti na Oklahoma City, hapa unasikia kocha akipiga kelele ni nani akabwe na nani. Ukiingia ukumbini usigombanie viti vya mbele katikati ya uwanja, huko utaona migongo ya wachezaji wa akiba. Panda juu, kaa nyuma ya kikapu. Kutoka pale unawaona wote kumi kwa mpigo, na skrini inapowekwa unajua nani anatafutwa kabla hata mwenye mpira hajaanza kudunda.