Muulize Fundi: Spika tano, au maneno yasikike?

SWALI: Habari fundi, pole na kazi. Mi naishi hapa Isanga Mbeya, nimejikusanya nimefikisha milioni moja na laki tano, nataka sebule yangu iwe kama ukumbi wa sinema. TV ninayo tayari ya inchi 55 na kochi liko kama mita mbili na nusu toka kwenye TV. Juzi nimezunguka Mwanjelwa, muuzaji mmoja kanionyesha homu thieta ya spika tano ndefu na sabufa lake anasema ina wati 1200, mwingine kaniambia achana nayo chukua saundiba, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV. Shida kubwa ni mvua, ikipiga kwenye bati hatusikii kitu, nikiongeza sauti besi inatikisa mpaka vyombo kabatini na wife analalamika bado hasikii wanachoongea. Nichukue ipi? Msomaji, Isanga.

JIBU: Ndaga kaka, nimepoa. Kwanza TV yako usiiguse, inchi 55 ukiipima kona kwa kona ni kama sentimita 140 na kwa mita mbili na nusu umekaa vizuri tu, sio kama wale wanaonunua 43 alafu wanakaa ukutani huko mwisho wanakodoa macho kusoma matokeo.

Sasa hizo wati 1200. Ukirudi dukani mwambie jamaa ageuze lile sabufa, angalia nyuma pale waya wa umeme unapoingia, kuna kistika kidogo kimeandikwa inakula wati ngapi. Utakuta mara nyingi 60, mara 80. Sasa we niambie, kitu kinachokula wati 60 kitatoaje 1200, hizo nyingine kinazitoa wapi? Kwenye boksi wanaandika PMPO, yaani eti nguvu ya kilele, kwa herufi kubwa na hiyo PMPO haina kipimo rasmi, kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu halisi inayotoka muda wote, na ukikuta haipo kabisa kwenye boksi wala kwenye kitabu basi jua walikuwa na sababu ya kuiacha.

Kwa shida uliyoeleza, spika tano hazitakusaidia. Maneno kwenye muvi yanatoka zaidi kwenye spika ya katikati, ile inayokaa chini ya TV, na kwenye hizi seti za bei ya kati mara nyingi ndo spika dhaifu kuliko zote, kaboksi kadogo kana koni moja tu ndani, wakati zile ndefu za pembeni ni urembo nusu nzima, ukizifungua chini ni tupu. Mvua nayo inavyopiga bati inafunika zile sauti nyembamba, s, sh, t, k, ambazo ndo zinakufanya uelewe mtu kasema nini. We ukiongeza volumu besi inapanda nayo na vyombo vinacheza ila "s" bado imefunikwa. Kwaiyo mama hapo nyumbani yuko sahihi kabisa, msikilize.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia kwenye hilo shimo. Nilichukua seti ya spika tano, zile mbili za nyuma nikavuta waya kuzunguka ukuta ukapita mlangoni, wiki ya pili mtoto kajikwaa spika ikaanguka, nikafunga, ikaanguka tena, mwisho nikachomoa zote mbili na sasa hivi kila moja ina chungu cha maua ya plastiki juu. Hiyo ndo sarundi yangu, yaani ile sauti ya kukuzunguka.

Kwaiyo kwa hela yako ningefanya hivi. Tafuta saundiba yenye spika ya katikati iliyojitenga, ambayo wanaiandika 3.1, yaani tatu mbele na sabufa moja, na iwe na tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ndo linalopokea sauti toka kwenye TV. Angalia na TV yako, kati ya matundu ya HDMI huwa ni moja tu lenye hilo neno, ukichomeka kwingine utashangaa kimya. Ukishachomeka ingia kwenye settingi za TV washa CEC, hapo rimoti moja ya TV inapandisha na kushusha sauti, hamtagombana tena rimoti iko wapi. Ukikuta sauti bado haitoki au inakatakata, nenda kwenye settingi ya sauti ya kutokea ubadilishe iwe PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa, nyingi zinakubali hapo. Kama TV ni ya zamani haina ARC, tumia waya wa optiko, ule wenye kitaa chekundu, ila hapo kuna TV hazikubali rimoti yao ipandishe sauti.

Dukani usikubali wakupigie muziki. Muziki wowote wenye besi unapendeza kila mahali, ndo maana wanakupigia huo. Nenda na fleshi yako, weka mahubiri au taarifa ya habari, mwambie ashushe besi mpaka sifuri, alafu simama mita mbili na nusu uombe azime feni na redio za jirani kama anaweza. Ukimsikia mtu anaongea kama yuko ndani ya ndoo, toka. Na nenda na wife, sikio lake ndo linalolalamika.

Hela itakayobaki usiile. Nunua zulia zito na pazia nene, maana sebule zetu hizi za vigae na madirisha makubwa ya vioo sauti inagonga inarudi na maneno yanazidi kuchafuka. Kama juu hujapiga jipsam, hiyo ndo dawa ya mvua zaidi ya spika yoyote. Sabufa lisikae kwenye kona, kona inaongeza besi bure, lisogeze kidogo mbele mpaka vyombo vitulie. Na TV gadi ni lazima, umeme wetu ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo. Ila TV gadi haizuii radi jamani, msimu wa mvua wingu likikunja chomoa kila kitu ukutani pamoja na kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, wengi wanachomoa umeme wanaacha kebo na radi inapita hapo hapo.

SWALI: Fundi mi nina seti ya 5.1 lakini spika za nyuma ziko kimya nikiangalia muvi za kutafsiriwa. Zimeungua? Kihesa, Iringa.

JIBU: Hazijaungua. Hizo tano ni spika na ile nukta moja ni sabufa, lakini lazima muvi yenyewe iwe na hizo njia sita za sauti. Anayetafsiri anabandika sauti yake juu ya muvi na inatoka njia mbili tu, kushoto na kulia, spika za nyuma hazina kilichotumwa kwao. Bonyeza kwenye rimoti palipoandikwa Pro Logic kama ipo, ndo inayosambaza sauti ya njia mbili kwenye spika zote, zinaweza kuanza kusema, ingawa sauti ya mtafsiri itabaki zaidi mbele.

SWALI: Shikamoo fundi. Projekta ndogo inaweza kuchukua nafasi ya TV sebuleni? Tukuyu.

JIBU: Marahaba. Usiku inaweza, mchana hapana, hata kwa mawingu ya Tukuyu. Projekta haina rangi nyeusi, nyeusi yake ni ukuta usiopigwa mwanga, kwaiyo dirisha likiwa wazi picha inakuwa kama nguo iliyofuliwa sana. Kwenye boksi tafuta lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zilizoandikwa ANSI, hizo ndo zimepimwa kwa kanuni rasmi, zile nyingine ni ndugu zake PMPO. Na kama ni ya balbu sio LED, umeme ukikatika feni inasimama balbu ikiwa bado ya moto, kwaiyo weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ikikatika izime mwenyewe taratibu usubiri feni imalize.