Ukianza kuvuta tela, pima gunia kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuvuta tela kwa gari dogo, mtaambiwa mengi kuhusu injini. Injini itavuta tu. Kazi ni breki kuusimamisha huo mzigo, na tela kukubali kukufuata.

Mwaka wangu wa kwanza nilipakia viazi Isyonje, Mbeya. Gari langu linaruhusiwa kuvuta kilo 1,200. Tela tupu ni kilo 350, kwa hiyo nafasi ya mzigo ilikuwa kilo 850. Nikapakia gunia nane nikihesabu kilo 100 kila moja. Sijui nani alinidanganya, maana zilikuwa lumbesa, zimejazwa kupita kipimo na kufungwa kilemba. Baadaye tulipima moja Uyole: kilo 130! Nane ni kilo 1,040, yaani nilikuwa nimezidisha kilo 190. Mizani ya TANROADS, wakala wa barabara, isingeniokoa. Yale magari madogo yasiyofika kilo 3,500 hayahusiki nayo.

Kibaya zaidi, nilizirundika nyuma karibu na mlango wa tela ili kushusha kuwe rahisi. Kwenye mteremko wa kuja Igawilo nikaongeza mwendo kidogo, tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara zaidi. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, shingo ya tela, pale inaposhikana na gari, inanyanyuka na kuinua matako ya gari, matairi ya nyuma yanakosa kushika lami. Niliachia mafuta taratibu, nikashika usukani umenyooka mpaka likatulia. Ningekanyaga breki kwa hofu au kuzungusha usukani, tungekunjana.

Siku hizi vizito vinakaa juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Shingo ya tela naiwekea mzani chini: nataka karibu asilimia 10 ya uzito wote, kilo 120 kwa tela la kilo 1,200, mradi gari linaruhusu. Ukizidisha mbele utajua usiku, taa zitamulika matawi ya miti na usukani utakuwa mwepesi.

Uzito unaoruhusiwa umo kwenye kitabu cha gari. Ndiyo, cha kwako pengine ni cha Kijapani. Tafuta wa kukusomea.

Mbao za Mafinga zikiwa mbichi zinaweza kukaribia mara mbili ya zilizokauka, kwa hiyo usihesabu vipande ukadhani umepima. Maji ni rahisi: lita moja, kilo moja.

Mlima Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, shuka na gia ambayo ungepandia, na usitoe gia eti unabana mafuta. Ukisikia harufu ya breki, tafuta pa kusimama, ziache zipoe zenyewe.

Halafu kamba. Viazi hujipanga njiani na gunia hulegea, kwa hiyo simama baada ya kilomita chache, kabla ya mteremko, ukaze upya.