Donepezil na uvimbe wa ubongo

Dada, umeuliza kama donepezil anayomeza mama, dawa ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, inatuliza uvimbe wa ubongo (ule unaoletwa na seli za kinga, si saratani), na kama unaweza kumwongezea diclofenac ya dukani, dawa ya maumivu na uvimbe. Tafadhali usimwongezee kabla ya kuongea na daktari wake. Donepezil huongeza asidi tumboni, na diclofenac hukwaruza tumbo; zikikutana kwa mzee, hatari ya vidonda na kutoka damu tumboni inapanda.

Kazi ya donepezil ni kuzuia asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, isivunjwe haraka, ili seli za ubongo ziendelee kupashana habari. Ni kweli kwamba kemikali hiyo hutuliza pia seli za kinga, na kwa wanyama wa maabara uvimbe umeonekana kupungua. Kwa binadamu, faida iliyothibitishwa ni kumbukumbu na shughuli za kila siku kuimarika kidogo, kwa muda.

Wazo lako la dawa za uvimbe si geni. Marekani walijaribu naproxen na celecoxib, dawa za uvimbe za jamii ya diclofenac, kwa watu wa miaka 70 na zaidi wenye ndugu wa damu waliougua Alzheimer. Dawa zikasitishwa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na hazikuzuia ugonjwa.

Lecanemab, dawa nyingine ya Alzheimer, ni habari nyingine: yenyewe huweza kuvimbisha ubongo, ndiyo maana wagonjwa hupigwa picha za ubongo za MRI mara kwa mara.

Mama akizimia, mapigo ya moyo yakienda taratibu mno, au akipata choo cheusi, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.