Kiwanja kidogo, ujenge juu: uanze na nini?

Anza na hewa na mwanga ndugu yangu, idadi ya vyumba baadaye. Pita Pipeline kule Embakasi, Nairobi, uone: majumba yamebanana ukuta kwa ukuta, chumba cha ndani taa inawaka saa sita mchana, na mitungi ya maji ya lita 20 inapandishwa kwa ngazi. Singapore, shirika la nyumba la serikali (HDB, tangu 1960) limeacha chini ya majengo yake mengi wazi, hakuna vyumba. Hapo ndipo wakazi hufanyia harusi na matanga. Sisi watu wa baraza, ukijaza maduka mpaka chini, watoto watacheza wapi? Halafu pampu ya kupandisha maji iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.