Maswali na majibu: kiharusi kikipiga

*Babu yetu wa Shela aliamka mdomo umekwenda upande. Jirani akataka tumpe aspirini. Je, ni sawa?*

Hapana. Kiharusi ama ni mshipa wa ubongo kuzibwa na donge la damu, ama ni mshipa kupasuka, na kinachoonyesha tofauti ni picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Aspirini husaidia aliyezibwa, baada ya picha. Anayevuja damu yaweza kumzidishia. Tena huenda hawezi kumeza vizuri, hata chai ikaingia mapafuni. Msimpe kitu. Mwambieni daktari saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kama alilala salama saa nne usiku, basi ni saa nne, si alfajiri mlipomkuta.

*Sindano ya kuyeyusha donge na ule waya wa kulivuta, kipi bora? (Malindi)*

Kila kimoja kina kazi yake. Sindano haitakiwi kuchelewa zaidi ya muda wa saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa zake ni mbili. Alteplesi huanza kwa sehemu ya kumi ya dozi, iliyobaki huingia kwa dripu saa nzima. Tenekteplesi hudungwa mara moja ikaisha, na kwa mgonjwa wa kupakiwa ambulensi hadi Mombasa, mimi ningeichagua hiyo. Hatari ipo: katika utafiti wa Marekani wa 1995, takriban wagonjwa 6 kati ya 100 waliopewa alteplesi walivuja damu ubongoni hali ikawa mbaya.

Donge kubwa mara nyingi huishinda sindano. Hapo daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena mpaka ubongoni, akalivuta. Tafiti za 2015 zilionyesha faida kubwa, na za 2018 zikaongeza muda wa kulivuta hadi saa 24 tangu mgonjwa alipoonekana mzima, kwa waliochaguliwa kwa picha. Anayestahili vyote apewe vyote, bila kungoja sindano ijaribiwe kwanza.

*Presha ya mama ilikuwa 200 kwa 110, nesi hakuishusha!*

Ubongo uliozibwa huitegemea presha hiyo. Asiyepewa sindano huachwa mpaka ipite 220 kwa 120. Wa sindano ndiye hushushwa kwanza, chini ya 185 kwa 110.

*Mkono ulikufa ganzi nusu saa, ukapona. Nisubiri? (Mokowe)*

Usisubiri, dada yangu, nenda leo hii. Kiharusi kamili chaweza kufuata ndani ya siku mbili.

*Sisi tuko Faza, na usiku boti ni shida.*

Boti ikitafutwa, mmoja wenu apige simu hospitali aulize: mashine ya CT inafanya kazi sasa hivi? Sindano ipo? Mkijibiwa hapana, ombeni rufaa papo hapo, mgonjwa asishushwe gatini kwanza ndipo muanze kuuliza.